CPL mkononi, saa 230: Caravan ya mizigo au kiti cha kulia cha ATR?

Pangaboi

Wakuu, heshima kwenu. Kila kundi jipya linapotoka chuoni na CPL (leseni ya rubani wa biashara), IR (idhini ya kuruka kwa vyombo bila kuona nje) na idhini ya injini mbili, swali linarudi lile lile: nianze na mizigo, au nisubiri shirika la abiria la safari za ndani na nchi jirani? Majibu mengi huangalia sare na mshahara wa mwezi wa kwanza. Naomba uzi huu uangalie logibuku, kitabu cha saa za rubani, maana ndiyo itakayosomwa na afisa wa leseni na mwajiri wako wa pili.

Kwa huku kwetu, mizigo kwa rubani mwenye saa mia mbili na kitu maana yake ni Cessna 208B, Grand Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Upande wa pili ni kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege za abiria za injini mbili: ATR 42, ATR 72 au Dash 8 Q400. Boeing za mizigo tuziweke kando kwanza, hazimsubiri mtu wa saa 230.

Lengo la wote wawili ni ATPL, leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege. Kiambatisho Namba 1 cha Mkataba wa Chicago, ambacho mamlaka za anga za Tanzania, Kenya na Uganda (TCAA, KCAA na UCAA) zinajengea kanuni zao, kinadai jumla ya saa 1,500. Ndani yake ziwepo saa 250 ukiwa kamanda, au angalau 70 za ukamanda kamili na zilizobaki za ukamanda chini ya uangalizi, yaani PICUS. Ziwepo saa 200 za safari za mbali, 100 kati ya hizo ukiwa kamanda au PICUS. Za vyombo 75, na za simuleta zisizidi 30. Za usiku 100. Chora safu hizo kwenye karatasi, andika ulichonacho na unachodaiwa. Ofa yoyote ipime kwa safu zilizo tupu.

Sasa mtego wa kwanza. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Nchi ikidai awepo wa pili, saa zako za P2 (rubani wa pili) kwenye ndege hiyo zinahesabiwa nusu tu kuelekea jumla ya leseni ya juu. Una 230, ukakaa kulia kwa saa 800: logibuku itasoma 1,030, lakini kwa ATPL una 630. Saa 800 za kulia kwenye ATR, ndege inayodai marubani wawili kwa cheti chake, zinahesabiwa zote. Watu wanafika dirishani wakidhani wamemaliza, wanarudishwa kwa pengo la saa mia nne.

Kusi

Pangaboi, hapo uongeze kitu, vijana wasikate tamaa mapema. Kiambatisho hicho hicho kinairuhusu mamlaka kutoa hesabu kamili kama ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inarushwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Kwa hiyo swali kwa mwajiri si "nitaruka saa ngapi?" Muulize: mwongozo wenu wa uendeshaji unamtaja rubani wa pili kama rubani anayetakiwa, na mamlaka imeukubali? Kisha iandikie ofisi ya leseni, upate jibu la maandishi. Kauli ya "kila mtu hapa anahesabiwa" haina mhuri.

Na ipo hali mbaya kuliko nusu. Kama hakuna kanuni inayomtaka rubani wa pili, na kampuni imekuweka kulia kwa hiari yake ili uzoee njia, msingi wa kuziandika saa hizo wenyewe una mashaka. Uliza kabla ya kusaini.

Upande wa ATR nao una mtego, na huu hautajwi sana. Unatoka chuoni na ukamanda wa saa 100 hivi, kwa sababu CPL yenyewe inadai 100, au 70 kwa kozi iliyounganishwa. Ukiingia kulia kwenye ATR, kila saa ni P2. Miaka miwili baadaye una 1,600 jumla, na ukamanda ule ule 100. ATPL hupati. Dawa ni PICUS: unarusha wewe, unafanya kazi za kamanda, kapteni anaangalia, na haingilii kwa sababu ya usalama. Anasaini. Utaratibu wenyewe lazima uwe umekubaliwa na mamlaka. Saini ichukuliwe siku hiyo hiyo mkiwa bado mnajaza makaratasi. Kapteni akishahamia Doha, kumtafuta akusainie sekta (safari za uwanja hadi uwanja) 300 za mwaka juzi ni kazi isiyofanikiwa, na afisa wa leseni ana kila sababu ya kuzitilia shaka saini 300 za kalamu moja.

Kampuni ya ATR isiyo na utaratibu wa PICUS bado ni kazi nzuri. Ila fahamu kwamba safu ya ukamanda itabaki wazi, na utaijaza kwa pesa yako kwenye Cessna 172.

Mgeni_Songwe

Shikamooni wakubwa. Uzi umenifikia wakati wake. Nina saa 230, ukamanda 110, usiku 12. Kampuni ya mizigo inanipa Caravan. Shirika la abiria limeniweka kwenye orodha ya kusubiri ATR, wanasema "huenda mwakani". Kazi ya Caravan ikoje hasa, mbali na kuruka?

BiToku

Marahaba mwanangu. Kazi ya Caravan ya mizigo, nusu yake inafanyika kabla rafadha haijazunguka.

Anza na uzito. Uzito wa juu wa kuruka kwa 208B ya kawaida ni pauni 8,750, kilo 3,969. Chukua ndege tupu yenye sanduku la mizigo (cargo pod) chini ya tumbo kuwa kilo 2,150 (yako itakuwa na namba yake kwenye cheti cha mwisho cha kupimwa, tumia hiyo). Rubani na begi 85. Safari ya saa 3 na zaidi kidogo, injini ikila karibu pauni 390 kwa saa, pamoja na akiba, chukua kilo 770 za mafuta. Mzigo unaobaki ni kilo 964. Ukimweka rubani wa pili wa kilo 80, mzigo unashuka hadi 884. Sasa umejua kwa nini mwenye mzigo anapenda rubani mmoja.

Mzigo ukija kwa gunia 38 zilizoandikwa kilo 25, hesabu ya karatasi ni 950 na unaonekana uko salama. Gunia likiwa kweli na kilo 28, umebeba 1,064. Umezidi kilo 100, na hakuna kitu ndani ya chumba cha rubani kitakachokuambia. Mboga zilizomwagiwa maji zisinyauke, samaki wenye barafu, nguo zilizonyeshewa: vyote vinakuja vizito kuliko maandishi yake. Dawa ni mizani chini ya bawa. Pima gunia tano ulizochagua wewe, siyo alizokuchagulia mwenye mali. Zikitofautiana na karatasi, pima zote. Atalalamika kwamba soko linafungwa. Saini kwenye karatasi ya mzigo ni yako.

Mzigo unaingia kwa mlango mkubwa wa nyuma kushoto, na wapakiaji hupenda kuanza kurundika pale pale mlangoni. Weka nguzo ya mkia kabla gunia la kwanza halijaingia, la sivyo ndege itakaa kitako na mkia utapigwa na lami. Wapeleke mbele kwanza, ukanda kwa ukanda kama kitabu kinavyozigawa sehemu za sakafu, nyavu zikifuata. Ukiondoa nguzo ukaona strati (mguu wa gurudumu) ya mbele imenyooka juu isivyo kawaida, mzigo uko nyuma mno. Usiseme mafuta yatasawazisha. Pakua, panga upya.

Sasa kuwasha, maana hapa ndipo injini za mamilioni huharibiwa na watu wenye haraka. Injini ni PT6A-114A. Betri iwe na volti 24 au zaidi. Hakikisha wenzo wa dharura wa nguvu uko kwenye nafasi yake ya kawaida. Ukiwa umesogezwa, mafuta yatamwagika mengi kuliko hewa iliyopo. Washa stata, subiri Ng (kasi ya mzunguko wa sehemu ya injini inayozalisha gesi) ipite asilimia 12 na itulie, ndipo ufungulie mafuta. Kuanzia hapo jicho halitoki kwenye ITT, kipimo cha joto ndani ya turbini. Kikomo cha kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde 2. Ukiona sindano inapanda kwa kasi na Ng inasuasua, usingoje ifike: kata mafuta, stata iendelee kuzunguka itoe joto. Betri dhaifu na upepo unaoingia kwa nyuma ndivyo visababishi vya kila siku. Geuza pua kwenye upepo. Na stata ina mapumziko yake kwa betri: sekunde 30 kazi, 60 pumziko, 30 kazi, 60 pumziko, 30 kazi, kisha nusu saa nzima.

Ukiwa hewani hakuna kompyuta ya kukuzuia usizidishe. Toku (nguvu ya kuzungusha rafadha) ya kuruka ni futi-pauni 1,865 kwa mizunguko 1,900 kwa dakika, ITT isipite 805. Dar, karibu na usawa wa bahari, utakutana na kikomo cha toku kwanza. Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenye kimo cha takriban futi 5,500, siku ya nyuzi 26, hewa ni nyepesi kama ya futi 8,100: huko ITT inaweza kukuzuia kabla toku haijatimia. Kijana aliyezoea kusukuma wenzo kwa mazoea ya pwani anaunguza turbini bila kujua.

Chumba hakina shinikizo la hewa. Ukikaa juu ya futi 10,000 zaidi ya nusu saa, oksijeni ni lazima, na juu ya 13,000 ni muda wote. Kagua chupa kila asubuhi. Mara nyingi utaikuta haijajazwa kwa sababu aliyetangulia hakuandika.

Kipanga

BiToku amemaliza kila kitu upande wake. Nieleze wa ATR, kwa sababu vijana wanadhani ni Caravan kubwa yenye wahudumu.

Kozi ya aina ya ndege ni wiki kadhaa za darasa, kisha simuleta, kisha mzunguko wa kutua na kuruka kwenye ndege yenyewe, kisha safari za abiria ukiwa na mkufunzi. Simuleta za ATR wengi wetu tunazifuata Johannesburg au Toulouse. Za Q400 zipo Addis Ababa, kwenye chuo cha Ethiopian. Gharama yote hiyo ndiyo huleta bondi, yaani ahadi ya kukaa kazini muda fulani au kulipa, na bondi lazima isomwe kama mkopo. Uliza: inapungua kila mwezi au inakaa nzima hadi siku ya mwisho? Dola 30,000 kwa miezi 36 inayopungua ni kama dola 833 kila mwezi. Ukiondoka mwezi wa 24 unadaiwa 10,000. Kama haipungui, mwezi wa 35 bado unadaiwa zote 30,000. Uliza pia: kampuni ikisimamisha ndege au ikikupunguza kazi, bondi inakufa? Likiwa halikuandikwa, halipo. Na muda wa bondi unaanza kuhesabiwa siku ya kusaini au siku ya kumaliza mafunzo ya njiani? Kati ya tarehe hizo mbili inaweza kupita hata miezi sita.

Kinachowaangusha waliotoka kwenye ndege ya rubani mmoja ni mikono. Kwenye Caravan unaona, unaamua, unafanya. Kwenye ATR unaona, unasema, unaamriwa, unafanya, unathibitisha. Mfano wa karibu ni kuruka: kapteni anashika usukani mdogo wa gurudumu la mbele, wewe unashika usukani mkuu. Mnasukuma nguvu, unasoma kwamba toku imetimia na kwamba ATPCS imejiandaa, ule mfumo unaoongeza nguvu kwenye injini nzima na kugeuza rafadha ya iliyokufa isikinge upepo. Kwenye kasi ya noti 70 kapteni anauachia usukani mdogo na udhibiti unatangazwa kwa sauti. Neno likikosekana, mtu mwingine hajui nani ameshika ndege. Mgombea aliyezoea kukaa peke yake anavuta flapu bila kungoja amri, anaandika njia mpya kwenye kompyuta ya safari bila kumwambia mwenzake, na anashangaa kwa nini ameandikiwa alama ya chini wakati ndege haikuyumba hata kidogo.

Ukiitwa kwenye usaili wa simuleta, fanya mazoezi ya ILS (kushuka kutua kwa kufuata mawimbi ya redio ya uwanja) kwa mikono bila otopailoti, kuingia kwenye hodi (mzunguko wa kusubiri angani) kwa njia sahihi, na kufa kwa injini mara baada ya kuruka. Kwa injini: mguu kwanza, pua pale inapotakiwa, gia juu, halafu tulieni hadi kimo kilichowekwa ndipo orodha isomwe. Wanaokimbilia wenzo ndio wanaozima injini nzima.

Faida kubwa ya ATR kwa safu tupu ni usiku. Viwanja vingi vya Caravan havina taa, kwa hiyo kazi inaanza jua likichomoza na kuisha kabla halijazama. Mtu anaweza kufikisha saa 1,200 za Caravan na usiku ana 20. ATR inayotoka Dar au Nairobi jioni na kurudi usiku inaijaza safu ile bila wewe kuomba.

Mzalendo_Muscat

Na sisi tunaotazama Ghuba? Wanakubali Caravan?

Kipanga

Mkuu, soma tangazo hadi mstari wa uzito. Matangazo mengi ya huko yanataka saa za ndege za marubani wawili juu ya uzito fulani, na tani 20 ni mstari unaotokea sana. ATR 72 ina uzito wa juu wa kuruka tani 23, inavuka. Q400 iko karibu tani 30, inavuka kwa mbali. ATR 42 ni tani 18.6, haivuki, ingawa chumba cha rubani kinafanana na cha ndugu yake. Shirika lenye zote mbili, andika kwenye logibuku aina kamili, 42 au 72, kila safari. Ukijaza "ATR" peke yake utashindwa kuthibitisha. Caravan, hata saa 3,000, kwa mstari huo ni sifuri. Inakusaidia kwenye jumla na kwenye ukamanda tu. Ulaya nao kwa ATPL yao wanadai saa 500 za marubani wawili ndani ya zile 1,500.

Wilson_07

Wacha niongeze upande wa Nairobi, kwa sababu mizigo mingi ya Caravan na ndege nyingine ndogo za Wilson inaelekea Somalia, na kubwa kati yake ni miraa.

Miraa inaharibika upesi, siku mbili thamani imeisha. Kwa hivyo ratiba inaamriwa na shamba la Meru na soko la Mogadishu. Lori likichelewa barabarani, presha yote inahamia kwa rubani: punguza mafuta, ongeza gunia, ondoka na hali ya hewa hiyo hiyo. Jibu liwe limeandaliwa tangu jana yake: kiwango chako cha chini cha mafuta kiandikwe, kisijadiliwe na mwenye mzigo.

Pili, soko lenyewe ni la siasa. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka wa 2014. Somalia ilisimamisha ndege za miraa Machi 2020, na zikarudi Julai 2022. Miaka miwili na miezi kadhaa. Rubani ambaye njia yake ilikuwa hiyo moja alikaa nyumbani. Uliza kampuni ina mikataba mingine gani: misaada, dawa, vipuri, vifurushi. Kampuni ya mzigo wa aina moja ni hatari kwa logibuku yako hata kama inalipa vizuri leo.

Tatu, bima. Mei 4, 2020, Embraer 120 iliyokuwa na vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa Berdale, Somalia, wote sita waliokuwemo wakafa. Bima nyingi za maisha zinatoa nje maeneo ya vita. Omba nakala ya bima ya kampuni, si barua ya kusema ipo. Angalia kama inataja vita, inataja nchi utakazoruka, na inamtaja nani alipwe. Kama hawataki kukuonyesha, hiyo tayari ni jibu.

Mdau_Ohio

Kwa wanaosomea Marekani na kupanga kurudi, jambo moja la logibuku. Kanuni za FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) zinakuruhusu kuandika saa za ukamanda ukiwa wewe peke yako ndiye unayeshika usukani wa ndege uliyo na leseni nayo, hata kama aliyeteuliwa kuwa kamanda ni mwingine. Afisa anayefuata tafsiri ya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) atauliza nani aliteuliwa. Weka safu mbili tofauti tangu siku ya kwanza. Kuzitenganisha baadaye kutoka kwenye safari 400 ni mateso.

Na msiige ushauri wa mitandao ya huko moja kwa moja. Kule swali la mizigo au shirika dogo la abiria lina sura nyingine kwa sababu ya sheria ya saa. Tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria la ratiba anahitaji saa 1,500, au 1,000 kwa mwenye shahada ya chuo kilichoidhinishwa. Kuwa kamanda wa mizigo kwa vyombo kwenye ndege ndogo kunaanzia 1,200. Kwa hiyo Caravan zinazolisha FedEx ni daraja la kati ya 1,200 na 1,500 kwa wengi wao. Pia kanuni zao mpya za mapumziko, zilizoanza Januari 2014, hazikuwafunika marubani wa mizigo. Wanaruka usiku, peke yao, kwenye barafu, na mapumziko yao yanapimwa kwa kanuni za zamani. Huku nyumbani mtu wa 230 anaweza kuingia ATR moja kwa moja. Hesabu ni nyingine kabisa.

Jahazi

Kuna mtu anaandika "nianze Caravan ya mizigo ili nije kurusha 767 ya mizigo ya Air Tanzania". Ndege ile iliyokuja 2023 ni 767-300F, inabeba tani hamsini na zaidi. Njia ya kufika pale inapitia ndege za marubani wawili, na mara nyingi jeti za abiria. Neno "mizigo" kwenye Caravan halikusogezi karibu na neno "mizigo" kwenye 767.

Ila kuna elimu moja inayohama nawe, nayo ni kuuheshimu mzigo. Dubai, Septemba 3, 2010, 747 ya UPS ilianguka baada ya moto kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Bagram, Aprili 29, 2013, 747 ya shirika la National Airlines ilianguka baada ya magari ya kijeshi kukatika kamba na kurudi nyuma. Kwenye Caravan ukubwa ni mwingine, sababu ni zile zile. Kifurushi kilichoandikwa "vipuri" kikiwa na pauabenki hamsini, betri ya gari ambayo bado ina asidi, mtungi mdogo wa gesi ndani ya boksi la vyombo. Fungua. Kampuni inayomkataza rubani kufungua boksi asilolielewa, usikae.

Mgeni_Songwe

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Nimewauliza kampuni ya mizigo. Wanasema marubani wawili mpaka nifikishe saa 500 za jumla kwa hesabu yao, kisha kushoto (kiti cha kamanda) peke yangu. Hawana bondi. Ruti ni nne, mizigo ni dawa, vifurushi na samaki. Ninaruka kama saa 60 kwa mwezi. ATR bado "huenda". Nifanyeje?

Pangaboi

Kwa maelezo hayo, chukua Caravan, na uichukue kwa hesabu.

Kutoka 230 hadi 500 ni saa 270 za kulia. Kwa 60 kwa mwezi ni miezi minne na nusu. Kama mamlaka inahesabu nusu, kwa ATPL zimekuwa 135, jumla yako 365. Kisha ruka kushoto saa 400, miezi saba hivi. Hapo logibuku inasoma 900, kwa ATPL una 765, na ukamanda wako ni 510. Yaani mwezi wa 12 umeshamaliza kabisa safu ya ukamanda ambayo mwenzako wa ATR anaihangaikia kwa saini za PICUS. Ukiitwa ATR wakati huo, saa 735 zinazobaki utazipata kulia zikihesabiwa zote, na usiku unajijaza humo humo. ATR wakikuita kabla hujaanza kukaa kushoto, waulize kwanza kuhusu PICUS. Wakiwa nayo kwa maandishi, nenda. Wakiwa hawana, ningemaliza zile 400 kwanza.

Usikae Caravan ya mizigo miaka minne kwa sababu ya mazoea. Baada ya saa 400 au 500 za kushoto, kila saa ya ziada inaongeza jumla tu.

Kusi

Naafiki hesabu, ila Mgeni, shika hili kabla hujasaini. Caravan ni injini moja. Idhini yako ya injini mbili na ya vyombo kwenye injini mbili ina tarehe ya mwisho, na kazi hii haitaihuisha hata ukiruka kila siku. ATR wakipiga simu mwezi wa 13 wakakuta imelala, watapiga kwa anayefuata kwenye orodha. Angalia tarehe leo. Weka pesa pembeni kila mwezi kwa ajili ya saa chache za ndege ya injini mbili na cheki ya mtahini, na ipangie nafasi wiki sita kabla ya tarehe, kwa sababu ndege za injini mbili za kukodi ni chache na mtahini naye ana foleni. Waombe waajiri wakuandikie kwenye mkataba siku tatu za ruhusa kwa ajili hiyo. Hawatakataa kabla hujasaini.

Mgeni_Songwe

Inaisha Novemba 30. Nampigia mtahini kesho asubuhi.